Sufu Haiwashi

Gyrid alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, na bado baba yake alimpangia nguo za ndani.

Usicheke kwanza. Kila walipokuwa na safari ya mlimani, mzee Tollef alitangulia kuamka, akazipanga kwenye kiti cha jikoni kwa utaratibu usiobadilika: chini kabisa koti la upepo, juu yake sweta, na juu kabisa, kwa kuwa ndiyo inayotangulia kuvaliwa, fulana nyepesi ya sufu ya mikono mirefu pamoja na suruali yake ya kubana. Hiyo aliiita nguo ya kwanza. "Koti analiona kila mtu," alipenda kusema. "Nguo ya kwanza anaiona Mungu na daktari." Alianza kukipanga kiti hicho Gyrid akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na kwa maoni yake hakuna lililotokea tangu hapo la kumfanya aache.

Tollef alikuwa mwenyeji wa Breistul, nyumba ya wageni iliyoko juu kwenye milima ya Norwei, pale miti inapokoma. Baba yake aliishika kabla yake, na babu yake kabla ya huyo. Lakini kilichompa jina bonde zima ni mafunzo yake ya Februari, watu wa mjini walipopanda kuja kujifunza kusafiri siku nyingi kwenye baridi bila kufa. Mzee alikuwa akisimama mbele ya meko na kuinua fulana ya pamba kwa koleo la moto, kama aliyeshika panya aliyeoza.

"Hii ni nini?"

"Fulana," atajibu mmoja.

"Hii ni sanda."

Kisha anaichovya kwenye ndoo ya maji, anamchagua mwanamume msemaji kuliko wenzake wote, anamvisha na kumtoa nje barazani. Jamaa akianza kuomba radhi kwa makosa asiyoyafanya, anavuliwa, anavishwa ya sufu iliyolowa vilevile, na baada ya muda uso wake unarudi kuwa uso wa mtu. "Umeona? Sufu ikilowa bado inakupenda. Pamba ikilowa inakuacha, na inaondoka na joto lako." Watu wanacheka. Na kila mwaka, mwishoni, hakosekani wa kuuliza: lakini mzee, si sufu inawasha?

Hapo Tollef alijibu kama walivyojibu waliomtangulia katika nyumba ile. "Sufu haiwashi. Anayewashwa ana ngozi mvivu. Muulizeni binti yangu."

Na Gyrid, akikusanya vikombe, alijibu, "Haiwashi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Chini ya fulana yake ya sufu, kwenye ngozi yenyewe, Gyrid alivaa kifulana cha pamba kisicho na mikono, alichokikata shingo kwa mkasi ili kisichungulie.

Aliwahi kujaribu kusema ukweli mara moja, akiwa na miaka sita. Ilikuwa mezani, siku ya Pasaka, nyumba imejaa wageni, na akasema kwa ile sauti ya kitoto inayosikika hadi jikoni kwamba hii nguo inaniwasha. Babu yake akaweka uma chini. Tollef akamtazama babu, kisha akamtazama mtoto, akasema, "Mtoto wa Breistul hawashwi na sufu," na meza nzima ikaangua kicheko. Hakupigwa wala hakukaripiwa. Alichekwa tu, na kwa mtoto hilo linatosha. Alipokua alijaribu sufu za kila aina, hata zile laini za kondoo wa ng'ambo zinazosifiwa madukani kwa maneno matamu. Mikono na miguu ilistahimili. Kifua na mgongo, baada ya nusu siku ya jasho, vilitoka vipele vyekundu vya kumfanya atamani kujikwaruza ukutani kama ng'ombe. Kifulana cha pamba ndicho kilichomwokoa, na kwa safari za siku moja hakikumletea neno, maana alirudi nyumbani kabla pamba haijakumbuka kwamba ni sanda.

Safari hii haikuwa ya siku moja. Kila mwaka kabla ya Pasaka njia za mlimani huchomekwa fito, zile fimbo nyembamba zinazosimama kwenye theluji moja baada ya nyingine, ili msafiri akipotewa na mbingu na ardhi aufuate ufito mmoja hadi mwingine mpaka afike kwenye paa. Kipande cha kutoka Breistul hadi ng'ambo ya uwanda kilikuwa cha ukoo wao, kazi ya zaidi ya wiki, mkilala vibandani na hemani. Mwaka huu walikwenda wawili tu. Mama, Borghild, nyonga zilikuwa zimemgomea.

Mzee alikuwa anakaribia kutimiza miaka sabini. Alikuwa ameshawatangazia watu, bila kumuuliza mhusika, kwamba Jumapili ya Pasaka atasimama mbele ya meko na kumkabidhi Gyrid kila kitu: nyumba, fito, mafunzo ya Februari, hata lile koleo la moto. Na Gyrid alikuwa ameshakubali kazi kwingine. Huko pwani ya kusini-magharibi, kisiwani, kuna nyumba za vioo zinazolimwa nyanya mwaka mzima. Alikwenda kuzitazama mwezi wa Januari. Alipofungua mlango alipigwa na joto usoni, na watu mle ndani walikuwa wakipita na makreti wamevaa fulana moja moja tu. Alisimama katikati ya mistari ile ya nyanya akavua koti, akavua sweta, akavua na sufu, akabaki na kifulana chake cha pamba mbele za watu, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Alilia kidogo, akasingizia vumbi la maua.

Basi aliapa kumwambia baba yake katika safari hii, kabla ya Pasaka, wakiwa wawili. Siku zikapita, fito zikachomekwa, na lile neno likabaki limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Dhoruba iliwakuta katikati ya uwanda, mchana. Asubuhi ilikuwa tulivu, yenye joto lisilo la msimu, na Gyrid alikuwa akivuta sleji, kigari cha mizigo cha kuteleza kwenye theluji, kupanda mteremko huku baba yake akitangulia kutoboa matundu kwa mtaimbo. Alitoka jasho. Alijua anatoka jasho, na la kwanza wanalofundishwa watu wa Februari ni kupunguza nguo kabla jasho halijaanza. Lakini kupunguza kulimaanisha kubaki na ile fulana nyepesi peke yake, na ikilowa ingemshika mwilini, kile kifulana kijichore chini yake mshono kwa mshono. Akalifunga koti hadi kidevuni, akavuta. Alikuwa amelowa chepechepe upepo ulipogeuka.

Walikifikia kibanda cha Skarvet wakiwa hawaonani. Ni kibanda cha dharura cha mawe, kina kitanda kimoja cha mbao, benchi na jiko la chuma, basi. Walipoingia na kuivuta sleji ndani, theluji ilikuwa imeshafika dirishani. Muda si mrefu ikalifunika, na mzee alipofungua mlango kutazama hali alikuta ukuta mweupe wenye chapa ya mbao za mlango. Aliufunga taratibu kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akawasha jiko, moshi wote ukarudi ndani; bomba lilikuwa limeziba barafu huko juu. Wakakohoa, wakalizima.

"Haliwaki," akasema Tollef.

Mle ndani kilichokuwa kinawasha ni kimoja tu, nacho si jiko.

"Haya, vua vya mchana," akasema mzee, akiwasha jiko lao dogo la safarini, la mafuta, ili ayeyushe theluji ya kunywa. "Vaa kavu."

Safari ndefu ina sheria, na Tollef aliishika kuliko amri za kanisani. Unabeba nguo za kwanza mbili. Moja ni ya kutembelea, hiyo ilowe inavyotaka. Nyingine ni ya kulalia, inakaa kwenye mfuko usiopitisha maji, na haiguswi mchana hata mbingu ianguke. Asubuhi unaivua ile kavu yenye joto lako la usiku na unajiingiza tena kwenye ile yenye unyevu, meno yakigongana, kwa sababu aliyetembea na kavu yake amekula mbegu.

Gyrid aliugeukia ukuta, akavua sufu iliyolowa, akavaa kavu. Kifulana cha pamba hakukivua. Cha akiba kilikuwa chini ya mizigo ya sleji, kimelowa tangu juzi na kuganda kama mkate wa wiki iliyopita. Kukivua alichokivaa kulimaanisha kukianika mahali, na kibanda chote kilikuwa hatua nne kwa tatu, na baba yake ana tochi kichwani. Tena vipele vilikuwa vimeshaamka mgongoni. Akajiambia kitakaukia mwilini. Ndivyo wanavyojiambia wote.

Walipanda kitandani wakakaa ndani ya mafuko ya kulalia, bega kwa bega, migongo kwenye mawe. Mzee alikata mkate mkavu na jibini la kahawia, akachana pia kipande cha paja la kondoo kwa kisu. Alikuwa amechangamka, maana dhoruba akiwa ndani ilimpendeza.

"Nimeshaipanga hotuba," akasema. "Nitaanza na babu yako, kisha mimi kidogo tu, kisha wewe."

"Baba, mimi..."

"Usiogope, hutasema kitu. Utasimama tu. Kula."

Akala. Kushoto kwake kulikuwa na mawe, kulia baba yake, mlangoni theluji, na kifuani kile kitambaa cha maji baridi kilichokuwa kikimnywa joto taratibu. Alikusudia kusema baada ya chai. Chai ikanywewa. Mzee akaeleza koleo la moto atamkabidhi kwa namna gani, kwa mkono upi, na watu watakavyocheka. Gyrid alianza kutetemeka, akakaza misuli ili isionekane. Baadaye kutetemeka kukapungua kwenyewe, akaona nafuu, na hiyo ndiyo nafuu mbaya kuliko zote. Angekuwa na akili zake angeijua.

"Mbona kimya?" akauliza mzee.

"Nasikiliza."

Alilitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Tollef akageuza tochi, akamtazama midomo.

"Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho."

Akajaribu. Vidole vikapishana kama watu waliogombana.

"Nitajie vibanda vyetu, toka nyumbani hadi ng'ambo."

"Skarvet," akasema Gyrid. Akafikiri sana. "Borghild."

Mzee hakucheka. "Umevaa nini?"

"Nguo ya kwanza."

"Sikuulizi inaitwaje. Umevaa nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilikuwa kimeshabisha hodi. Tollef akafungua zipu ya shingoni, akaingiza vidole viwili begani kama mtu anayetafuta mapigo ya damu, na vidole vikakutana na mkanda wa kitambaa, baridi na wenye maji. Vikabaki pale. Gyrid aliyeishi miaka thelathini akiiogopa saa hiyo alishangaa kuona haina kelele.

"Pamba," akasema mzee, polepole.

Kisha akafanya kazi. Akamgeuza mgongo, akamvua sufu, akakivuta kile kifulana kwa nyuma kupitia kichwani, na mwanga wa tochi ukapita juu ya vipele vilivyojaa mgongo, vipya na vya zamani, na makovu ya kucha.

"Tangu lini?"

"Inaniwasha, Baba." Meno yalikuwa yameanza tena kugongana. "Sufu. Tangu ile Pasaka."

Hakuuliza Pasaka ipi.

Gyrid alisikia zipu zikifunguka nyuma yake, nguo zikivuliwa haraka, mzee akihema kwa baridi. Kikapita begani kwake kitu chepesi, chenye joto na harufu ya baba yake.

"Vaa. Bado ina moto wangu. Mimi natazama ukuta."

Ilikuwa fulana ya wavu, ile yenye matundu makubwa ya kupitisha kidole, imegeuka manjano kwa umri. Wazee wengi bondeni huvaa wavu chini ya sufu, na madukani zinauzwa za sufu. Siku zote Gyrid alidhani ya baba yake ni hizo. Akaivaa, akavaa sufu kavu juu yake. Tollef akamfunga ndani ya mafuko yote mawili, akamshikia kikombe cha sharubati ya moto yenye sukari nyingi, akamkumbatia kwa pembeni kama gunia linalotaka kuanguka. Kutetemeka kukarudi, kukubwa, kisha kukatulia kwa njia ya halali. Sufu ilikaa juu ya nyuzi za wavu na haikuifikia ngozi. Vidole vilipopata fahamu, vikaanza kupapasa zile nyuzi.

"Baba. Hii ni pamba."

"Ni matundu."

"Nyuzi zake ni pamba."

"Pamba imeshikilia matundu tu. Kinachokutia joto ni matundu." Akaugusa uzi mmoja begani kwa Gyrid. "Ni uzi wa kufungia nyavu. Mama yako alinifumia mwaka tuliooana. Akanifumia nyingine hiyo ilipochakaa, na nyingine."

Gyrid akageuka kumtazama. "Na wewe inakuwasha?"

"Inaniwasha hadi machozi."

Upepo ulipiga paa. Mzee alikuwa ameketi na sufu tupu juu ya ngozi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kutembea kifuani wenyewe.

"Kila Februari," akasema Gyrid, na hasira ikampa sauti, "kila Februari unasimama pale na koleo lako. Sufu haiwashi, muulizeni binti yangu."

"Nilikuwa nakuuliza."

"Nini?"

"Nilikuwa nakuuliza wewe. Nilishindwa kukuuliza tukiwa wawili, nikawa nakuuliza mbele za watu. Kila mwaka unasema haiwashi. Nikasema basi, Mungu mkubwa, ni mimi tu niliyeharibika, mtoto hakurithi." Akajikuna shingo. "Ile Pasaka babu yako hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Alishanipiga kwa ajili hiyo nilipokuwa mdogo, akisema nina ngozi ya watu wa mjini. Uliposema inakuwasha, aliniona mimi ndani yako. Nikawahi kukufunga mdomo kabla hajakufunga yeye."

Gyrid alicheka, kicheko kibaya chenye machozi, huku kikombe kikigonga meno. Wawili wa nyumba moja, meza moja, kila mmoja na pamba yake chini ya sufu, wakichungana.

"Na Mama anajua?"

"Mama yako ndiye anayefua. Unadhani hajui nini?"

Wakacheka tena, na kwa kitambo kile kibanda kikawa kipana. Tollef akapiga goti lake kwa furaha ya mtu aliyepata dawa.

"Basi yamekwisha," akasema. "Yamekwisha kabisa. Borghild atakufumia ya kwako. Februari utasimama pale mbele na hutawashwa popote. Na ukitaka, waambie watu ukweli, sema wavu chini, sufu juu. Nakupa ruhusa. Nyumba ni yako, sema unachotaka."

Kila neno lilikuwa jema, na kila neno lilikuwa fundo. Gyrid alisikia nyuzi za ule wavu mabegani, kifuani, mgongoni, laini na zenye joto, na akashikwa na hofu kubwa kuliko ile ya baridi. Kumbe miaka yote alikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa inamwasha. Alijiambia ataondoka Breistul kwa sababu ya ngozi. Sasa baba yake ameivua sababu hiyo kwa upendo, akamvisha wavu, na yeye amebaki mikono mitupu mbele ya mzee anayejikuna kwa ajili yake. Asiposema sasa, hatasema tena. Atazeekea mbele ya meko ameshika koleo.

"Baba," akasema. "Hata nisipowashwa, sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki nyumba. Sitaki fito wala Februari. Nimepata kazi kisiwani, kwenye nyumba za vioo. Nimeshakubali. Naanza baada ya Pasaka."

"Kazi ya nini?"

"Nyanya."

"Nyanya," akasema mzee.

"Nyanya."

"Za kula?"

"Kuna nyanya za nini nyingine, Baba?"

Tollef alitazama mlango, kama mtu anayetafuta pa kutokea, na nyuma ya mlango theluji ilikuwa palepale. Hakuna aliyeweza kutoka kupunga upepo, hakuna aliyeweza kwenda kupasua kuni. Ilibidi akae na neno lile bega kwa bega.

"Ulikuwa tayari kufa," akasema mwishowe, "ili usiniambie hilo?"

"Sikukusudia kufa."

"Hakuna anayekusudia." Akajikuna ubavu mpaka sufu ikalia. "Huko wanavaa nini?"

"Fulana moja. Ya pamba."

"Na ikilowa?"

"Haina neno. Kuna joto."

Mzee alilifikiria hilo, mahali hapo duniani ambapo pamba inalowa na watu hawafi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo atamwachia nani Breistul, na Gyrid akasema hajui, na ilimuuma kusema hivyo kuliko alivyotegemea. Huruma ilimvuta ulimi. Maneno nitabaki kidogo, nitabaki mwaka mmoja, yalifika hadi kwenye meno, akayang'ata. Tollef akazima tochi, akaugeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika gizani, na Gyrid hakujua kama analia au anajikuna. Pengine yote mawili.

Walipoamka upepo ulikuwa umelala. Kupitia theluji ya dirishani kulipenya mwanga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Mzee alikuwa ameshaamka, amesimama mbele ya benchi, na Gyrid alijua bila kutazama kwamba anapanga. Lakini alikuwa amesimama tu. Koti lilikuwa limewekwa, sweta limewekwa juu yake, kisha mikono imesita. Fulana ya kutembelea, yenye unyevu, alikuwa ameishika kana kwamba si yeye aliyeifundisha nchi nzima pa kuiweka.

"Leo chagua mwenyewe," akasema, akaiacha kwenye benchi, akaenda kushika koleo la theluji.

Gyrid aliketi akitazama. Alikuwa na wavu mwilini, sufu kavu juu yake, sufu yenye unyevu kwenye benchi, na pamba iliyoganda sakafuni kama samaki. Katika maisha yake hakuwahi kuchagua nguo ya kwanza. Alichowahi kufanya ni kuificha. Akamtazama baba yake anayechimba mlangoni. Shingo ya mzee ilikuwa nyekundu kama kamba aliyechemshwa, ina mistari ya kucha hadi nyuma ya masikio, na kila baada ya makoleo mawili alisimama akasugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, akijifanya anapumzika.

Akavua kavu, akairudisha kwenye mfuko wake. Akavua wavu. Akaingia kwenye sufu yenye unyevu, juu ya ngozi tupu, na mwili mzima ukamlaani. Akaenda akamwekea mzee ule wavu begani.

"Vaa, bado ina moto wangu."

"Na wewe?"

"Nitawashwa."

"Njia ni ya siku nzima kufika kwenye kibanda chenye moto."

"Siku moja naiweza, Baba. Zilizokuwa zinanishinda ni za maisha yote."

Tollef aliushika wavu kwa mikono miwili. Akavua, akauvaa, na uso wake ulipotokeza kwenye shingo ya fulana ulikuwa wa mtu aliyeondolewa jino bovu. Wakachimba wote. Theluji ya juu ilipoanguka ndani, mwanga ukawapiga machoni, na nje uwanda ulikuwa mweupe, mtupu, fito zao zimefukiwa zikabaki ncha tu, kwa hiyo kazi ya jana ilikuwa ya kurudiwa. Gyrid akajifunga kamba za sleji. Ilikuwa imeshaanza, chini ya matiti, kisha mgongoni.

"Ikikuwasha sana," akasema mzee bila kugeuka, "sema."

"Nitasema."

Hawajaufikia ufito wa tatu, akasema.